Uso wa Mama Pacha

Kiinimacho alikwenda likizo kwa kulazimishwa, kama mtoto anavyopelekwa kung'olewa jino. Watoto wake pacha, wa kike na wa kiume, wote wawili watu wazima wenye kazi zao na midomo yao, ndio waliopanga kila kitu: nyumba ya wageni, chumba chenye dirisha la kutazama bustani, siku saba, milo mitatu. Sharti lilikuwa moja tu. "Baba, hakuna mazingaombwe," alisema binti. "Hata karata moja. Nenda ukapumzike na mama." Akaitikia kwa kichwa, huku koti lake la kazi tayari limekunjwa ndani ya mfuko wa viatu, chini kabisa ya sanduku. Mtu aliyeishi kwa kudanganya macho ya watu miaka ishirini na sita hawezi kushindwa na watoto aliowazaa mwenyewe.

Jina la Kiinimacho alipewa na majirani, naye hakuwahi kulikataa. Hakuwa mganga wala mchawi, na aliyemwita hivyo alikiona cha moto. Kazi yake ilikuwa ya mikono: sarafu, karata, vitambaa na mayai, kwenye kumbi, mashuleni na katika sherehe za watu wenye uwezo.

Koti alilibeba kwa sababu. Mwezi uliopita, akiwa jukwaani, karata ilimsaliti. Haikuanguka, ilichungulia tu pembeni mwa kiganja, ncha ndogo kama ukucha, lakini mtoto wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Iko mkononi! Iko mkononi!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Meneja wa ukumbi, mtu mwenye adabu zake, hakuligusia kabisa jambo lile. Alimwomba tu ampe jibu kabla ya Jumamosi ya likizo hiyo, saa sita mchana: onyesho la mwisho wa mwaka atalifanya yeye, au atafutwe mwingine? Liliulizwa kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi.

Basi akaamua peke yake, bila kumwambia mtu. Alikuwa na mchezo mpya, wa limau linalotoweka chini ya kitambaa. Angemwonyesha mkewe hukohuko likizoni. Mama Pacha akishangaa, yeye atampigia meneja simu na kusema ndiyo. Asiposhangaa, koti litatundikwa, na ndio mwisho wa habari.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa nyumba yao. Hakuna mchezo uliopanda jukwaani kabla ya kupita jikoni. Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Koti lile alilishona yeye, pamoja na mifuko kumi na mmoja ya siri iliyojificha ndani ya bitana. Mumewe angesema, "Nitobolee mfuko hapa, upana wa vidole vitatu," naye angetoboa bila kuuliza ni wa nini. Wiki moja baadaye mume angeingia jikoni amevaa koti, aseme, "Mama Pacha, hebu tazama hapa." Mke angeweka kisu chini, angefuta mikono, angetazama. Na mchezo ukimalizika, ilikuja ile hali: mkono wa kushoto unapanda kooni, macho yanamtoka, pumzi inakatika, kisha neno moja kwa sauti ya chini, "Wewe!"

Kiinimacho aliishi kwa neno hilo. Makofi hakuyaamini sana, kwani watu hupiga makofi kwa heshima, au kwa sababu aliyekaa jirani amepiga. Lakini uso ule, alijiambia, haujui uongo. Na hapa ndipo mtu unashika kichwa. Pamoja na werevu wote ule, bingwa huyu wa kujua jicho la mtu litaangalia wapi na litasahau wapi, hakuwahi hata siku moja kujiuliza inawezekanaje anayeshona mfuko asijue kitakachoingia ndani yake.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya ghorofa moja, yenye ngazi za mbao zinazolalamika kila ukikanyaga, na chumba cha kulia chenye meza sita. Mapokezi waliwapa daftari wajaze. Kwenye nafasi ya kazi, mzee akaandika kwa herufi kubwa: MWANAMAZINGAOMBWE. Mama Pacha akamkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa. Kabla ya chai ya jioni nyumba nzima ilishajua. Dobi alitaka kufahamu kama ipo dawa ya kutowesha madoa ya wino. Mtunza bustani alimvizia nyuma ya maua, akamwomba kwa unyenyekevu amrudishie mchumba aliyeondoka.

"Mimi ni wa kutowesha tu, ndugu yangu," Kiinimacho alimjibu. "Kurudisha ni idara nyingine."

Siku mbili za kwanza alipumzika kweli, au tuseme alijitahidi. Walitembea, walikula, Mama Pacha alilala mchana usingizi mzito wa mtu aliyekuwa anauhitaji muda mrefu. Mzee alimwangalia akilala na kuona kwamba amekonda mashavuni. Akasema moyoni kwamba ni vizuri pacha walivyomleta, akarudi kuwaza limau lake.

Jumatano saa kumi, wageni wakiwa kwenye chai, mwenye nyumba alisimama na kupiga kijiko kwenye kikombe. Akatangaza kwamba ilikuwa desturi yao, kila Jumatano, mhudumu wa chumba cha kulia kuwaburudisha wageni kwa mazingaombwe kidogo. Kisha akamtupia jicho Kiinimacho na kutabasamu, na maskini mhudumu akaliona jicho hilo.

Huyu mhudumu alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo la heshima na kizibao kilichombana. Kwenye kubeba birika la moto na sahani tano kwa mpigo hakuwa na mpinzani. Lakini sasa kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka, maana ni nani anayependa kuimba mbele ya mwimbaji? Akaomba mtu mmoja wa kumsaidia, na kwa kukwepa macho ya bingwa, akamchagua mama aliyekaa pembeni yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa sarafu. Mama Pacha aliiweka kwenye kiganja cha mhudumu, mhudumu akaifunika kwa leso, na sarafu ikatakiwa ipite kimyakimya hadi kwenye mfuko wa kizibao. Ikakwama njiani. Ilining'inia pale kwenye ukingo wa mfuko, inang'aa, na hata mama mmoja wa meza ya pili aliyezama kwenye kitabu chake angeiona kama angeinua kichwa.

Sasa, katika kazi hii kuna heshima moja ambayo haijaandikwa popote. Mwenzako akiharibikiwa, humtazami mikono. Unatazama pengine, mpaka amalize. Kiinimacho akafanya kama kazi inavyomtaka: akayaondoa macho kwenye mikono ya mhudumu, na pa karibu pa kuyapeleka palikuwa usoni kwa mkewe.

Leso iliinuliwa. Mama Pacha alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye ile sarafu inayong'aa. Mkono wake wa kushoto ukapanda kooni. Macho yakamtoka. Pumzi ikakatika.

"Wewe!" alisema kwa sauti ya chini.

Wageni wakapiga makofi. Mhudumu akajaa tabasamu mpaka masikioni, mabega yakashuka, na sarafu ikapata upenyo wa kutumbukia mfukoni bila hata yeye kujua. Kiinimacho naye akapiga makofi. Mikono ilikuwa inagongana, lakini hakuisikia.

Ulikuwa uso uleule. Haukupungua wala kuzidi, na wala haukuwa unafanana na ule wa jikoni tu. Ndio wenyewe, mpaka kile kidole cha mwisho kinachogusa mfupa wa mtulinga. Aliujua kuliko uso wake mwenyewe, na sasa alikuwa ameuona ukitolewa bure kwa mtu aliyeshindwa kuficha sarafu.

Alhamisi yote alikuwa mgonjwa asiye na ugonjwa. Alikwenda kutembea peke yake na kila mti aliopita aliuhesabia mchezo mmoja. Wa mayai, ulipita kwa uso ule. Wa kamba iliyokatwa, vivyo hivyo. Wa saa ya mgeni, wa karata tatu, wa kitambaa kinachobadilika rangi, yote ilipita pale jikoni mbele ya hakimu mmoja, na hakimu kumbe alikuwa anampa kila mtu ushindi. Aliona aibu ya mtu aliyetembea mtaani miaka na miaka suruali imechanika nyuma, watu wanampungia mkono, yeye anadhani wanamsalimu. Kwenye aibu kulikuwa na hasira, na chini ya hasira, hofu. Kama uso ule ulikuwa uongo, basi huenda hakuwahi kuwa mwanamazingaombwe hata siku moja.

"Una nini wewe?" mkewe alimuuliza mezani.

"Sina kitu."

"Hujala."

"Yule mhudumu jana," akasema, akichezea uma. "Alikushangaza kweli?"

Mama Pacha alijipakulia mchuzi. "Alijitahidi," akasema, kisha akaanza kuzungumzia ndege waliokuwa wanapiga kelele dirishani.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Kiinimacho alikuwa anashuka ngazi aliposikia sauti ya mkewe kwenye kibaraza. Akasimama. Mama Pacha alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, miwani puani, sindano mkononi, na kizibao cha mhudumu kimelala mapajani kimegeuzwa ndani nje. Mhudumu mwenyewe alisimama mbele yake na shati lake tu, sinia kwapani.

"Nilisema nikukazie kifungo tu," mama alikuwa anaeleza, meno yakikata uzi. "Lakini nimeona na huu mfuko umekaa chini mno. Nimeupandisha vidole viwili, na mdomo wake nimeuachia kidogo. Utaona mwenyewe. Kitu hakitakwama tena."

"Mama, asante sana. Mimi siku zote nilidhani ni mkono wangu mzito."

"Mkono wako hauna neno. Wewe zoea tu."

Kiinimacho alikaa kwenye ngazi, palepale, kama gunia lililotuliwa. Vidole viwili. Zoea tu. Alikumbuka sasa, na alipokumbuka moja yakaja yote kwa mpigo. Kila baada ya kumwonyesha mchezo mpya jikoni, mkewe alilichukua koti kwenda kulipiga pasi. Na kila lilipotoka kwenye pasi, mkono wake ulipita vizuri kuliko jana. Sarafu iliyokuwa inasitasita ilikuwa inateleza. Miaka yote alijipongeza. Aliwaambia hata watu, kwenye mahojiano ya redio, kwamba siri ya kazi hii ni mazoezi.

Jioni hiyo wageni wenyewe ndio walioomba sarafu irudiwe. Kiinimacho safari hii alikodoa macho bila huruma, akatazama mkono unaoonyeshwa na mkono usioonyeshwa. Leso ilipoinuliwa sarafu haikuwepo. Haikuwa kiganjani, haikuwa kwenye ukingo, na jinsi ilivyopita, yeye bingwa hakuiona. Mhudumu alisimama wima kama mtu aliyerefuka, na hakumwangalia mama wala bingwa. Aliangalia watu wake. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu kijasho kimtoke.

Jumamosi asubuhi, baada ya kifungua kinywa, Mama Pacha alikuwa anakunja nguo kitandani wakati mumewe alipouvuta ule mfuko wa viatu na kutoa koti.

"Hatimaye," akasema mama. "Nilikuwa najiuliza viatu gani vizito namna hii."

Kiinimacho alivaa koti, akachukua limau alilokuwa ameliomba jikoni, akasimama kati ya kitanda na dirisha. "Mama Pacha, hebu tazama hapa."

Mama akaweka shati chini. Akafuta mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa na maji, akatazama. Kiinimacho alitandaza kitambaa juu ya limau, akageuza kiwiko, akaondoa kitambaa. Limau halikuwepo kiganjani. Lilikuwa limekwama kwenye bitana, juu kidogo ya kiuno, limetuna wazi kama jipu. Yeye alilihisi, na mkewe alilitazama moja kwa moja. Kisha mkono wa kushoto wa mama ukaanza kupanda.

"Usishangae," akasema Kiinimacho.

Mkono ukasimama katikati ya njia.

"Nakuomba. Leo usishangae."

Mama Pacha alibaki vile muda kidogo, mkono hewani, hajui aupeleke wapi. Kisha akaushusha taratibu na kukaa kitandani. "Umeniona na kizibao," akasema.

"Nimekuona Jumatano, na nimekuona jana. Tangu lini?"

"Tangu lile la mayai."

"La mayai ndilo lilikuwa la kwanza!"

"Ndiyo."

Kiinimacho alicheka kicheko kikavu. Mama Pacha hakucheka. "Ulikuja na yai limepasukia ndani ya koti, Baba Pacha. Ute unatiririka mpaka kwenye kiwiko, na wewe umeniangalia vile. Pacha walikuwa wanatambaa miguuni, kazi nyingine huna, kila mtu kwenu anakuambia uache upuuzi. Ningesema nini? Nikashangaa. Ukatoka jikoni kifua mbele. Kesho yake nikaupanua mfuko."

"Na mengine?"

"Mengine yalitaka mfuko. Mengine yalitaka uso tu."

"Kwa hiyo miaka yote mimi ndiye niliyekuwa mtazamaji," akasema, na sauti ikampanda bila kupenda. "Unanichezea nyumbani kwangu, jikoni kwangu, na mimi nakaa nakuamini! Mke wangu mwenyewe!"

"Nimechoka," akasema mama.

Hakulisema kwa ukali, na kwa sababu hiyo likamfunga mdomo mumewe.

"Watoto walisema tuje kupumzika. Wewe ukabeba koti. Nililiona tangu siku ya kwanza, nikajua kuna siku nitaitwa nishangae. Nimelala mchana kila siku humu ndani, na kila nikiamka najiuliza, ni leo? Nina miaka hamsini na nne. Nimechoka kushangaa, Baba Pacha. Na mimi nataka likizo."

Kiinimacho alikaa upande wa pili wa kitanda, limau bado limemtuna kiunoni. Alimtazama mkewe, yale mashavu yaliyokonda, na akaona haya ya aina nyingine, isiyohusu kazi. Ilikuwa saa tano na robo. Kipimo alichokuja nacho kilikuwa kimevunjika, na hakujua ampigie meneja aseme nini.

"Hata mara moja?" akauliza mwishowe. "Kweli kabisa. Hata mara moja sikuwahi kukushangaza?"

Angekuwa anataka kumfariji, Mama Pacha angejibu hapohapo. Lakini alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na muda wote huo alikuwa anatafuta.

"Mara moja," akasema. "Ule mwaka wa mafuriko. Ukumbi wa viti mia tatu, wakaja watu wanne, na mmoja wao ni mlinzi aliyeingia kukwepa mvua. Unakumbuka?"

Angesahauje? Ilikuwa fedheha yake kubwa kuliko hata ile karata, na hawakuwahi kuizungumza.

"Nilikuwa nyuma ya pazia na vitambaa vyako. Nikasema sasa atatoka awaambie waende zao, ndivyo angefanya mtu yeyote. Ukatoka. Ukafanya yote, ya kwanza mpaka ya mwisho, hukuruka hata moja. Ukamwita yule mlinzi jukwaani na buti zake za matope kana kwamba ni waziri. Ukainama mwishoni mpaka kichwa kikakaribia magoti, kwa watu wanne." Akaangalia mikono yake. "Hukuwa unaniona. Hakuna aliyekuwa ananiona. Na mkono ulikuwa huku." Akagusa koo, kidogo tu, safari hii bila kutoa macho. "Mifuko yako yote naijua, mmojammoja, nimeishona. Ile sijui uliitoa mfuko gani. Mpaka leo sijui."

Kiinimacho alifungua mdomo amweleze, kwa mazoea ya kazi, maana hapakuwa na mchezo asioweza kueleza unavyofanywa. Huu ulimshinda. Machozi yalimjia na akayaacha.

Baada ya kitambo alitoa limau kwenye bitana na kuliweka kitandani kati yao. "Kuanzia leo, ukitazama, unaniambia unachokiona."

"Utaumia."

"Nitaumia. Haya, anza."

"Limau ni kubwa mno," akasema Mama Pacha. "Na kiwiko chako cha kulia kinachelewa siku hizi. Hilo si tatizo la mfuko. Ni umri, na mimi siwezi kuushonea."

Iliuma kama alivyoambiwa. Akachukua simu. Saa sita ilikuwa bado dakika kumi. Meneja alipokea kwa upole wake uleule na kuanza kusema kwamba asijilazimishe, kwamba wangeelewa kabisa, kwamba hata tiketi mwaka huu huenda zisitoke.

"Niandike," alisema Kiinimacho. "Niandike kwa kalamu ya wino. Nitakuja hata wakija wanne."